Jiwe Lililoteleza: Upasuaji wa Matundu Madogo na Mawe ya Mrija wa Nyongo

Hotuba ya jopo la madaktari na wauguzi wa kujitolea, iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu wakati wa wiki ya maadhimisho



Tuliombwa tuzungumze juu ya maradhi ya tumbo kwa jumla. Tuliomba ruhusa ya kuipunguza mada hiyo hadi ikawa ndogo kama punje ya dengu, kwa maana aghalabu huo ndio ukubwa wa jiwe tutakalolizungumzia. Sababu yetu ni moja. Miongoni mwa maradhi ya tumbo ambayo siku hizi hutibiwa pasipo kuchana tumbo, haya ndiyo ambayo wagonjwa wengi huyatibu nusu. Jiwe hutolewa, maumivu hukoma, familia hushukuru, kisha mgonjwa harudi kuimalizia kazi iliyobaki. Ni hiyo nusu ya pili iliyotuleta hapa.

Kwanza tueleze njia yenyewe ilivyo. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku. Nyongo huyeyusha mafuta ya chakula, na pia huchukua taka za mwili, hasa ile rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Kutoka kwenye ini hushuka kwa mirija midogo inayoungana kama vijito, hadi ikawa mrija mkuu mmoja wenye upana wa milimita 6 hivi. Ubavuni mwa mrija huo umening'inia kifuko cha nyongo, ambacho huihifadhi na kuikoleza tukiwa na njaa, kisha hujikamua tunapokula. Mrija mkuu huishia mwanzoni mwa utumbo mdogo, katika mlango mdogo unaobanwa na msuli ulioelezwa mwaka 1887 na Ruggero Oddi wa Italia. Kabla tu ya mlango huo, mrija wa kongosho nao huja kuungana. Tunaomba muukumbuke ujirani huo wa kongosho, kwa kuwa hatari nyingi tutakazozitaja zinatoka hapo.

Mawe kwa kawaida huzaliwa ndani ya kifuko. Mengi hutokana na lehemu iliyozidi katika nyongo, hasa kwa wanawake, kwa waliozaa mara kadhaa, kwa wenye unene, na kwa waliopungua uzito kwa kasi. Mengine ni meusi, nayo hutokana na damu inayovunjika mno. Hapa tunawageukia wazazi wa watoto wenye selimundu. India na Tanzania zote mbili zimo katika orodha fupi ya nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo, na kijana wa selimundu aliye chini ya miaka 20 anaweza kuwa na mawe ya nyongo kama mtu wa makamo. Macho ya mtoto huyo huwa na umanjano kidogo siku zote, ndiyo maana umanjano unapozidi nyumbani hawashtuki. Yafaa washtuke.

Mtu akiambiwa kwa bahati, wakati wa kipimo cha jambo jingine, kwamba ana mawe katika kifuko, wala hayamsumbui, asikimbilie kupasuliwa. Takriban wanne kati ya watano wa namna hiyo hawatapata shida yoyote maishani. Twalisema hili waziwazi kwa sababu kuna wanaouziwa upasuaji wasiouhitaji. Mambo hubadilika pale mawe yanapoanza kuuma, na hubadilika zaidi pale jiwe linapoteleza kutoka kwenye kifuko na kuingia katika mrija mkuu. Kati ya wagonjwa 100 wanaosumbuliwa na mawe ya kifuko, kama 10 hadi 15 huwa na jiwe katika mrija pia.

Maumivu ya mawe hukaa chini ya chembe cha moyo au ubavuni kulia, hupanda hadi mgongoni au bega la kulia, na mara nyingi huja usiku baada ya karamu. Kwa miaka mingi huitwa vidonda vya tumbo, au gesi. Jiwe likiziba mrija, nyongo hukosa pa kwenda na kurudi katika damu: macho huwa manjano, mkojo huwa kama chai ya rangi iliyokolea, kinyesi hupauka, na ngozi huwasha usiku kucha. Mwaka 1877 Jean-Martin Charcot, tabibu wa Ufaransa, alieleza mambo matatu yakiwa pamoja: maumivu, umanjano, na homa yenye baridi na kutetemeka. Maana yake ni kwamba nyongo iliyotuama imeingiwa na wadudu, na usaha unasukumwa kuelekea kwenye damu. Mgonjwa wa aina hii asingoje kesho. Akianza kuchanganyikiwa, au shinikizo la damu likishuka, saa zake zinahesabika.

Katika miji yetu macho ya manjano hupokewa kwa majina matatu: malaria, homa ya ini, au jicho la watu. Mawili ya kwanza yanaweza kuwa kweli, na ndiyo sababu ya kupima. La tatu tunawaachia wazee, kwa sharti kwamba mgonjwa afikishwe hospitali kwanza.

Kipimo cha mwanzo ni damu na altrasaundi. Altrasaundi huyaona mawe ya kifuko vizuri sana. Mawe ya mrija ni jambo jingine, kwani mwisho wa mrija hujificha nyuma ya utumbo wenye hewa, na karibu nusu ya mawe hayo hukosekana katika picha. Kwa hiyo ripoti isemayo kwamba hakuna jiwe lililoonekana isisomwe kama hati ya kuwa jiwe halipo, ikiwa macho ni manjano na mrija umetanuka. Hapo huhitajika picha ya MRI ya mirija ya nyongo, au altrasaundi inayopitishwa tumboni kwa mpira wenye kamera.

Sasa tuje kwenye tiba. Kifuko cha nyongo kiliondolewa kwa mara ya kwanza na Carl Langenbuch, mjini Berlin, tarehe 15 Julai 1882, kwa mgonjwa aliyekuwa ameteseka miaka 16. Kwa karne nzima iliyofuata, njia ilikuwa ileile: kisu chini ya mbavu za kulia, jeraha la sentimita 15 au zaidi, wiki nzima wodini, na mwezi au zaidi nyumbani. Jiwe la mrija liliongeza mateso. Daktari alilazimika kuuchana mrija wenyewe, kuutoa uchafu, kisha kuacha ndani yake mpira wenye umbo la herufi T, uliotokeza nje ya ngozi na kumwaga nyongo katika mfuko kwa siku nyingi. Baadhi ya wazee wetu humu ukumbini bado wana kovu hilo, na hatuna sababu ya kulidharau; liliwaokoa.

Mabadiliko yaliingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni mdomo. Mwaka 1968 William McCune na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba mlango wa nyongo unaweza kufikiwa kwa mpira wenye kuona. Mwaka 1974 Meinhard Classen na Ludwig Demling huko Erlangen, Ujerumani, na Keiichi Kawai huko Kyoto, Japani, kila upande kwa njia yake, walifanikiwa kuukata msuli wa mlango huo kutoka ndani na kulitoa jiwe, pasipo tone la damu kuonekana juu ya ngozi.

Namna inavyofanywa ni hii. Mgonjwa aliyefunga kula kwa saa 6 hadi 8 hulazwa usingizi wa dawa. Mpira mwembamba hushushwa kooni, ukapita tumbo la chakula, ukafika kwenye utumbo. Kamera yake haitazami mbele, bali ubavuni, kwa kuwa mlango wenyewe uko ubavuni. Daktari hupenyeza waya laini mlangoni, humimina dawa inayoonekana kwa eksirei, na hapo mti mzima wa mirija ya nyongo hujichora kwenye kioo, mawe yakionekana kama matundu ndani ya mchoro. Msuli hukatwa milimita chache kwa waya wenye umeme, na jiwe huvutwa kwa kikapu kidogo cha waya au kwa puto, likaachwa liende na choo. Jiwe kubwa huvunjwa kwanza, kwa kikapu chenye nguvu au kwa mwanga wa leza. Wengi hurudi nyumbani siku ya pili.

Hatutaki mtoke hapa mkidhani ni kama kung'oa jino. Kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa, 3 hadi 10 huvimba kongosho baadaye, kwa sababu ya ule ujirani tuliowaomba mkumbuke. Wengi wao hupona kwa siku chache za dripu. Wachache huumwa vibaya, na kuna wanaofariki. Kutoka damu na kutoboka kwa utumbo ni nadra, lakini yapo. Kwa hiyo njia hii siku hizi haitumiki kwa ajili ya kuangalia tu. Picha ya MRI inatosha kuangalia. Njia ya mdomo ni ya kutibu jiwe lililothibitika au linalodhaniwa kwa nguvu. Tena kuna dawa ya bei nafuu, diklofenaki au indomethasini ya miligramu 100, inayowekwa kwa njia ya haja kubwa, ambayo imethibitika kupunguza hatari ya kongosho kuvimba. Mwulizeni daktari kama itatumika. Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Na mwenye kunywa dawa za kuyeyusha damu kwa ajili ya moyo aseme mapema, wala asiziache mwenyewe.

Mlango wa pili ni kitovu. Tarehe 12 Septemba 1985, katika mji mdogo wa Böblingen, Ujerumani, Erich Mühe aliondoa kifuko cha nyongo kwa kuchungulia kupitia tundu. Mwaka uliofuata aliwaeleza madaktari wenzake wa upasuaji wa Ujerumani, nao wakampokea kwa shaka na kejeli. Mwaka 1987 Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, akafanya kwa kutumia kamera ya video, na dunia ikamfuata. Mühe alisubiri hadi 1992 kutunukiwa na chama kilekile kilichomcheka. Twasimulia kisa hiki kwa sababu hata leo kuna wanaofikiri kwamba jeraha dogo ni upasuaji mdogo, au kwamba daktari asiyeingiza mkono wake tumboni hakufanya kazi.

Kazi hufanyika. Mgonjwa hupigwa nusu kaputi, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo haishiki moto na hunyonywa upesi na damu, kisha matundu matatu au manne ya milimita 5 hadi 10 hufunguliwa. Kamera huingia kitovuni, vyombo huingia kwingineko, na kifuko hutolewa kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Siku moja au mbili mgonjwa yuko nyumbani. Wiki moja au mbili yuko dukani kwake. Bega likimuuma baada ya upasuaji, ni ile hewa iliyobaki chini ya kiwambo cha kifua, itaisha. Hatari kuu ya njia hii ni kukatwa kwa mrija mkuu badala ya kishingo cha kifuko, jambo linalotokea mara 3 hadi 5 katika wagonjwa 1,000. Daktari akiona ndani mambo yameshikamana na haoni vizuri, atafungua tumbo kwa njia ya zamani. Akifanya hivyo, familia isimlaumu. Amechagua usalama wa mgonjwa badala ya sifa yake.

Tunamtaja hapa mtu mmoja ambaye historia yake inatuhusu. Mwaka 1990, katika Hospitali ya J.J. mjini Mumbai, hospitali ya umma inayotibu maskini, Tehemton Udwadia aliondoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo kwa mara ya kwanza nchini India. Wengi waliiona teknolojia hiyo kuwa anasa ya nchi tajiri. Yeye alitetea kinyume chake kwa miaka mingi: kwamba anayeihitaji zaidi ni kibarua, kwa sababu kibarua hana likizo ya ugonjwa, na kila wiki ya kulala nyumbani ni wiki ya watoto kukosa chakula. Nasi tunaafiki. Tunapoiombea hospitali ya wilaya kifaa hiki, hatuombi pambo.

Basi turudi kwenye nusu iliyosahauliwa. Mgonjwa aliyetolewa jiwe la mrija kwa njia ya mdomo amesafishiwa mfereji. Kiwanda cha mawe, yaani kifuko, bado kipo, na aghalabu kimejaa. Mwaka 2002 kulichapishwa utafiti wa Uholanzi uliowagawa wagonjwa wa aina hii mafungu mawili: walioondolewa kifuko, na walioambiwa wangoje. Katika muda wa miaka miwili, 47 kati ya kila 100 waliongoja walirudi na shida ya nyongo. Kwa walioondolewa kifuko, walikuwa 2. Hatujui namna ya kuzisema tarakimu hizi kwa sauti kubwa zaidi. Ushauri unaofuatwa sasa ni kuondoa kifuko mapema, ikiwezekana ndani ya wiki mbili tangu mrija kusafishwa, isipokuwa kama afya ya mgonjwa hairuhusu nusu kaputi.

Watu huuliza mwili utaishije bila kifuko. Ini litaendelea kutengeneza nyongo ileile, nayo itashuka moja kwa moja utumboni. Wachache hupata choo laini kwa muda. Wengi hula kama walivyokuwa wakila, na wengine zaidi ya walivyokuwa wakila, jambo ambalo nalo tuna maoni yetu.

Kuna jambo jingine la nusu, nalo hututia hofu zaidi. Mara nyingine jiwe haliwezi kutoka siku ileile, au mgonjwa ana homa kali. Daktari huacha ndani ya mrija stenti, kijimpira cha plastiki kinachoruhusu nyongo kupita. Mgonjwa huamka mzima. Macho hung'aa. Husahau. Stenti ya plastiki haikuumbwa kukaa. Yapasa itolewe au ibadilishwe, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Ikiachwa huziba, huota mawe juu yake, na hurudisha usaha uleule. Katika karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, tafuteni neno stenti. Likiwepo, andikeni tarehe ya kuitoa kwenye kalenda ya jikoni, ile yenye siku za sherehe.

Pale penye vifaa na ujuzi, kazi zote mbili huweza kufanywa katika usingizi mmoja: kifuko huondolewa kwa matundu, na mrija husafishwa papo hapo, ama kupitia kishingo cha kifuko, ama kwa kuufungua mrija wenyewe ukiwa umetanuka, kwa kamera nyembamba sana. Tafiti zilizolinganisha njia hii na ile ya hatua mbili zimekuta kwamba mawe huondoka sawasawa na madhara hayatofautiani sana, ila siku za hospitali hupungua. Tatizo ni wataalamu. Kwa Afrika Mashariki, hata njia ya mdomo ingali inapatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Ndiyo maana anayeishi mbali asafirishwe mapema, kabla ya homa.

Na wanaowaza kwenda Ahmedabad au Mumbai, hatuwazuii, kuna mabingwa. Lakini mwenye macho ya manjano na homa asipandishwe ndege kabla ya mrija kufunguliwa hapa. Kuipa nyongo njia ni dharura. Mengine yanaweza kusafiri.

Tumepokea maswali kwa maandishi, na mawili yamejirudia. La kwanza ni juu ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku, kisha asubuhi kukuta mawe ya kijani chooni. Vipande hivyo vilipopimwa maabara vilikutwa kuwa aina ya sabuni, iliyotengenezwa utumboni na mafuta na limau vyenyewe. Mawe halisi yalikuwa bado kwenye kifuko. Zaidi ya hayo, mafuta mengi kwa mkupuo hukifanya kifuko kijikamue kwa nguvu, na kujikamua huko kwaweza kulisukuma jiwe katika mrija.

La pili ni juu ya mfungo. Nidhamu ya mfungo ni jambo la imani, wala si juu yetu kuipima. Mfungo wa siku moja wa Ekadashi hauleti mawe. Kinacholeta mawe ni kupungua uzito kwa kasi, zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, kwa majuma mfululizo, na kukaa muda mrefu bila chembe ya mafuta katika chakula, hata nyongo ikatuama. Kula mboga tupu ni kuzuri, lakini si kinga kamili. Samli na sukari navyo ni vya mboga.

Wenzetu wa altrasaundi wako chumba cha pili kushoto hadi saa 11 jioni, nao hawadai chochote. Mwenye selimundu, na mwenye macho ya manjano, apite mbele ya foleni. Aliyewahi kutolewa jiwe kwa njia ya mdomo aje na karatasi zake zote, hata zilizochakaa, kwa sababu kuna muuguzi pale mezani ambaye kazi yake leo ni kutafuta katika karatasi hizo neno moja tu.